Weka Msasa Chini Kwanza

Hotuba kwa vijana wanaosomea ufundi wa magari, Tanga

Walimu wetu, wazee wangu mliofika, na nyinyi vijana mlioacha spana zenu kuja kunisikiliza, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Wengine mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Ufundi nimeuanzia chini ya mwembe, kwenye gereji ya mjomba wangu, nikiosha nati kwa mafuta ya taa miezi mingi kabla sijaruhusiwa kufungua hata moja. Leo nina miaka 22 Uingereza, na miaka 11 ya mwisho nashughulika na magari ya zamani sana, yale yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905.

Mwalimu wenu aliponiomba nije, alitaka nizungumzie namna ya kulifufua gari kuukuu likawa kama limetoka dukani. Nimemwomba radhi. Hilo mtafundishwa hapa, na mtalijua. Mimi nataka kuwasimulia gari moja ambalo kazi yangu kubwa imekuwa kulizuia lisiwe jipya.

Ni De Dion-Bouton la mwaka 1903, lililoundwa Puteaux, jirani na Paris. Lina silinda moja, ujazo wake kama cc 700, nguvu ya farasi 6. Bodaboda ya cc 150 iliyoegeshwa pale getini inalishinda karibu mara mbili kwa nguvu. Lina gia mbili. Halina paa, halina milango, halina kioo cha mbele. Magurudumu ni ya mbao, na taa zake ni za kuwasha kwa kiberiti. Mwenyewe ni mzee mmoja aliyerithi kwa baba yake, na baba naye alilinunua likiwa limelala bandani, limefunikwa magunia, kuku wakilalia juu yake. Tangu siku lilipotoka kiwandani halijapigwa rangi upya. Rangi ile ya kwanza ndiyo hiyo hiyo mpaka leo, sehemu nyingine imebaki kama magamba ya samaki, sehemu nyingine imekwisha kabisa na bati limegeuka kahawia. Shaba ya taa haing'ai. Ngozi ya viti imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Siku ya kwanza nilipoliona, mkono wangu ulitafuta msasa. Nasema kweli. Nimelelewa hivyo. Kwetu gari likiingia gereji, heshima ya fundi ni litoke likimeremeta. Kunyoosha bodi, kupiga puti, kupiga rangi, mwenye gari akija asilitambue. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi mafundi bodi tumeishi kwa methali hiyo.

Kabla sijaeleza kilichonizuia, niwape habari ya watu waliolitengeneza, maana ni wenzenu. Georges Bouton na shemeji yake Charles Trépardoux walikuwa mafundi wa vidude vya kuchezea vinavyokwenda kwa mvuke, kazi ya mikono midogo midogo, pesa kidogo. Tajiri mmoja, Markizi Jules-Albert de Dion, akakiona kigari chao cha mvuke dukani Paris, akauliza nani kakitengeneza, akawafuata. Mwaka 1883 wakaanza kazi pamoja. Wakaunda magari ya mvuke kwanza. De Dion na Bouton walipogeukia injini ya petroli, Trépardoux hakukubali, aliamini mvuke, akajitoa mwaka 1894. Waliobaki wakatoa injini ndogo iliyowashangaza watu: wakati injini za wenzao zilizunguka mara mia chache kwa dakika, ya Bouton ilifika 1,500 na kuzidi, kwa sababu moto wake ulikuwa wa umeme, unakatwa na kuungwa kwa wakati barabara. Viwanda vingine vingi vikainunua injini hiyo na kuifunga kwenye magari yao. Louis Renault alipounda gari lake la kwanza mwaka 1898, injini ilikuwa De Dion. Na hii yote haijafika hata miaka 20 tangu Carl Benz aandikishe hati yake ya uvumbuzi wa gari Ujerumani, tarehe 29 Januari 1886.

Sasa niwaeleze linavyowashwa, maana nawaona mnataka kusikia.

Unafungua mafuta. Unapampu oili kwa mkono, pampu iko ubavuni, kwa sababu injini hii hairudishi oili. Inayoingia inaungua na kudondoka, na dereva ndiye anayekumbuka kuipa nyingine njiani. Vali ya kutolea moshi ina kemu, yaani kinundu kinachozunguka na kuisukuma ifunguke. Ya kuingizia hewa na mafuta haina. Ina springi laini tu, na pistoni ikishuka mnyonyo wake ndio unaoifungua. Ukisimama karibu unaisikia ikigonga, tik, tik, tik, kama mtu anayeng'ata karanga. Halafu unarudisha moto nyuma, yaani unaweka taiming ichelewe, cheche ije baadaye. Hapo usisahau. Ukisahau, ukapiga handeli ya kuwashia, injini inakurudishia na mkono unavunjika. Waliovunjika kifundo cha mkono zama zile walikuwa wengi hata madaktari wakaujua mvunjiko huo kwa kuutazama. Kidole gumba kinakaa upande mmoja na vidole vingine, hakizunguki handeli. Unavuta juu mara moja. Likishika, gari zima linatikisika kama mtu mwenye homa, taa zinacheza, na lile bati la matope linapigapiga.

Ukikaa usukani, mguu unakuta pedali. Nyinyi mkikanyaga pedali ile gari linaongeza mwendo. Hapa ni kinyume: ukikanyaga, injini inapungua nguvu, na ukizidi kukanyaga breki inashika. Mwendo unauongeza kwa mkono, na gia unazibadilisha kwa kigurudumu kidogo chini ya usukani. Mara ya kwanza kuliendesha nilikaribia kupita ukuta wa bustani, kwa kuwa miguu yangu ilijua jambo moja na gari linajua lingine.

Ile pedali ndiyo iliyoniweka msasa chini.

Nilipoinama kuisafisha niliona chuma chake kimelika, lakini hakikulika sawasawa. Upande wa kushoto ni mzima, una hata zile alama za mistari. Kulia kimekwisha, kimekuwa laini kama kokoto ya baharini, na kwenye ubao chini yake kuna kishimo cha mviringo, mahali pa kisigino. Nikaweka mguu wangu. Haukukaa vizuri mpaka nilipougeuza, kidole kikatazama nje. Mtu aliyeliendesha gari hili miaka yake ya kwanza alikanyaga hivyo, mguu umepinda. Pengine aliumia goti, pengine ndivyo alivyozaliwa. Hakuna karatasi inayomtaja, wala picha yake, lakini mguu wake nilikuwa nimesimama juu yake. Ningeweka ubao mpya na pedali iliyojazwa na kupigwa tupa, mtu huyo angekuwa amezikwa mara ya pili.

Baada ya hapo nikaanza kutazama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama wiki tatu, na tochi na kioo kidogo cha daktari wa meno, bila kufungua nati hata moja. Kishikio cha springi ya nyuma, upande wa kulia, kiliwahi kukatika. Hakikuchomelewa kwa umeme wala kwa gesi. Kimeungwa kihunzi: chuma kimepashwa mpaka kikawa cheupe, kikawekwa juu ya chenzake, kikapigwa nyundo vikashikana. Alama za nyundo zipo, ukipitisha kidole unazihesabu. Ni kumi na saba. Hii si kazi ya kiwandani; mtu aliyezoea viatu vya farasi aliletewa gari lililokwama, pengine la kwanza kulishika maishani mwake, akalitengeneza kwa alichokijua, na limeshika zaidi ya miaka mia. Kwenye kiti cha abiria kuna kiraka cha ngozi nene, ngozi ya hatamu, kimeshonwa kwa uzi wa nta. Na chini ya kiti, ndani kabisa mahali ambapo rangi haikupita, kuna namba imeandikwa kwa penseli. Namba hiyo hiyo iko kwenye kila ubao wa bodi. Seremala aliandika ili mbao za gari moja zisichanganyike na za jingine.

Hiyo penseli, na kila kitu ambacho hakijaguswa, vina faida nyingine, ya pesa na ya sheria. Uingereza kuna safari ya kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, kutoka Hyde Park, London, mpaka Brighton pwani, kama maili 60. Inakumbuka tarehe 14 Novemba 1896, siku sheria ilipoyafungua magari: kabla yake mwendo ulikuwa maili 4 kwa saa, mbili mjini, na mtu anatembea kwa miguu mbele ya gari, baada yake maili 14, na yule wa mbele akaenda zake. Siku hiyo walirarua kwa furaha bendera nyekundu, ile iliyobebwa na mtu wa mbele miaka ya nyuma, kisha wakaondoka kwenda Brighton. Safari ya sasa inapokea magari yaliyoundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905 tu. Kwa hiyo mwaka wa gari ni jambo kubwa; gari la Desemba 1904 na la mwaka mmoja baadaye bei zake hazifanani. Veteran Car Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1930, ina kamati ya wataalamu kwa kazi hiyo: wanapima, wanasoma namba za injini na fremu, wanalinganisha. Wanalinganisha na nini? Na gari ambalo halijaguswa. Nimeona watu wametoka mbali na kalamu na karatasi, wanalala chini ya gari letu kupima jinsi waya ulivyopita na bolti ipi ina kichwa cha mraba, kwa sababu la kwao limeshatengenezwa mara tatu na kila fundi alibuni lake. Gari letu lenye kutu ndilo kitabu, na yale yanayong'aa yanakuja kusoma.

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka ya mwanzo kule, kwenye karakana moja, nilipewa gari la mwaka 1904 niondoe rangi yote. Mwenyewe alitaka jekundu. Nikaanza nyuma. Chini ya rangi nyeusi ikatokea ya kijani iliyofifia, na juu yake mstari wa njano mwembamba kama unywele, umechorwa kwa mkono, na herufi nyeupe: namba ya usajili. Uingereza namba zilianza kuwa za lazima tarehe 1 Januari 1904, kwa hiyo ile ilikuwa namba yake ya kwanza, imeandikwa na mchora vibao, kwa brashi, herufi yenye mkia wa madaha. Nilikuwa nimekwishaila nusu kwa mashine. Nikamwita msimamizi. Akatazama saa, akasema endelea. Nikaendelea. Gari lile sasa ni jekundu na linapata vikombe kwenye maonyesho, na hakuna mtu duniani atakayeiona tena ile namba. Sikuilinda, nami ndiye niliyekuwa na mashine mkononi. Naikumbuka herufi ya mwisho, nusu yake.

Mtaniuliza: je, basi tuliache gari lioze? Hapana. Kutolifanya jipya ni kazi, tena ni kazi ngumu kuliko kupiga rangi. Rangi inayobanduka tunairudisha chini kwa gundi maalumu, kipande kwa kipande, kwa brashi ya kuchorea na subira. Uchafu tunautoa kwa pamba iliyoviringishwa kijitini, maji safi yasiyo na chumvi, na mahali pengine mate. Ndiyo, mate ya mtu. Hata kwenye makumbusho makubwa wanayatumia, yanaondoa uchafu taratibu bila kula rangi. Kila dawa inajaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, halafu unakwenda nyumbani, unarudi kesho kutazama. Kutu inayokula tunaizuia, kutu iliyolala tunaipaka nta tukaiacha. Shaba haisuguliwi. Kila ukisugua shaba unaondoa shaba yenyewe, na taa nyingi za zama zile jina la mtengenezaji limekwisha kwa watu wema waliosugua kila Jumamosi.

Na kuna vitu tunabadilisha, bila kusita. Matairi, kwa sababu mpira uliokufa unaua. Kitambaa cha breki. Waya zilizobaki uchi karibu na petroli. Gari hili linatembea barabarani, na roho ya mtu haiwekwi rehani kwa ajili ya uasilia. Kila tulichokitoa kimefungwa, kimeandikwa kilitoka wapi na lini, kiko ndani ya sanduku linaloishi na gari. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lina waraka wake unaoitwa Mkataba wa Turin, nao unataka hivyo: ulichofanya kiandikwe, na kilichoongezwa kiweze kutambulika, asije mtu kesho akadhani ni cha asili. Wapo wenzangu wanaosema gari kama hili lisiwashwe tena kabisa. Nawaheshimu, na sikubaliani nao. Vali ile isipogonga, kijana atajuaje mnyonyo unaifungua?

Na ningekuwa mwongo nikisema kila gari liachwe. Limenijia moja ambalo fremu ilikuwa imekatika, mbao zimeliwa na mchwa mpaka unazibonyeza kwa kidole. La kuvunda halina ubani. Hilo tulilijenga upya na sijuti. Ninachokataa ni ile haraka, ile ya kuliona lina kutu ukadhani umeshalijua.

Kuna jambo moja la hapa kwetu, na limenikaa moyoni. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Ndiyo safari ya kwanza ya gari kukata Afrika toka bahari hata bahari, na gari lile lilikuwa la zama zile zile za De Dion yetu. Palipokuwa na mto, mchanga au tope, gari halikwenda kwa petroli. Lilikwenda kwa kamba na mabega ya watu. Jina tunalolisikia ni la Graetz. Nami nikiziona zile alama kumi na saba za nyundo, nawaza: mabega yale, mikono ile ya Morogoro na Tabora na kote walikopita, iliacha alama gani kwenye mbao na bati la gari lile? Mkwaruzo wa kamba kwenye fremu? Ubao uliolainishwa na viganja? Fundi mmoja tu mwenye msasa na nia njema anatosha kuifuta habari nzima ya watu tusiowasikia majina. Ukiona vyaelea vimeundwa, tunasema. Na vilivyotengenezwa njiani navyo viliundwa, na aliyeviunda mara nyingi hakujua kuandika jina lake.

Novemba iliyopita tulilipeleka Brighton. Tuliondoka Hyde Park alfajiri, jua halijatoka vizuri, mvua nyembamba inatupiga usoni. Mzee aliendesha, mimi nilikaa pembeni kazi yangu oili: kila mwendo fulani, pampu moja. Croydon, Redhill, Crawley. Vilima vikali nilishuka nikasukuma, nikiwa na bega kwenye ule ubao wa nyuma, na niliwakumbuka watu wa Graetz. Karibu na mwisho wa safari kile kishikio cha springi upande wa pili, wa kushoto, kikaanza kupiga kelele. Tukasimama. Bolti yake, ile ya miaka yote, ilikuwa imepasuka. Tukaifunga kwa waya na tukafika Brighton polepole, watu wamejaa kando ya bahari wanapunga mikono.

Niliporudi nilitengeneza bolti nyingine kwenye mashine ya kukerezea, kichwa cha mraba kama mwenzake, meno ya uzi ule ule. Kazi ya siku mbili. Na kabla sijaifunga niligonga mwaka nilioitengeneza kwenye kichwa chake, upande wa ndani, tarakimu ndogo, fundi atakayelala chini ya gari na tochi aione na ajue hii si ya 1903. Ile ya zamani iko sandukuni, imefungwa kwa kitambaa chenye oili.

Nilitengeneza mbili, moja ikiharibika nisianze upya. Ya pili iko hapa mfukoni. Sogeeni mbele, walimu watuwie radhi kwa dakika kumi, muipitishe mkono kwa mkono. Mwenye macho mazuri asome tarakimu, awatajie wenzake.